Begi la dharura la 145,000: nimelifungua, nimelijaribu, nimelipanga upya

Nianze na sifa, maana ipo moja kubwa. Mfuko wenyewe ni imara. Turubai zito jekundu, zipu haikwami, kamba za mabegani ni pana na mshono wa chini umerudiwa. Nimeuweka uwani nikaumwagia ndoo nzima ya maji, ndani halikuingia tone. Wangeuza mfuko mtupu kwa 40,000 ningewapa nyota tano na dua juu yake. Taabu iko kwenye vilivyomo, na vilivyomo ndivyo tunavyotozwa.

Binti yangu anaishi Mwanza. TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa, wakitangaza mvua, yeye ndiye wa kwanza kunipigia: "Mama, huko bondeni mmeamkaje?" Masika haya akaliona begi kwenye ukurasa wa duka moja la Kariakoo linalouza mtandaoni, akalipa kwa simu, bodaboda akalileta hadi Kigogo. Duka silitaji. Vijana wale wanauza kilichoshuka kwenye kontena, na begi hilihili nimeliona kwa wauzaji wengine likiwa na nembo nyingine.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza hapa Dar es Salaam mwezi Agosti kisha kikatapakaa mikoa mingi, nilikuwa kwenye kambi ya wagonjwa, kwenye vile vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Nyumba yangu ina vyumba sita, kimoja nalala mimi, vilivyobaki wamo wapangaji na watoto wao. Mto Msimbazi hatuuoni kutoka barazani, ila ukijaa tunausikia. Wapangaji wananiita Bibi Nesi, na lolote likitokea usiku mlango unaogongwa kwanza ni wangu. Kwa hiyo nililifungua begi hili kama ninavyopokea zamu: kitu kimoja kimoja, mezani, na miwani nimevaa.

Nianze na maji, maana mafuriko ya Dar huua mara mbili: mara ya kwanza kwa kuzoa, mara ya pili kwa kunywesha. Wenyeji wa mabondeni mnajua nini hutokea mvua kubwa ikinyesha usiku. Kuna watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo, kinyesi kinachukuliwa na mkondo, asubuhi mkondo huohuo umepita kwenye bomba lililopasuka, kisimani kwa jirani na kwenye uwanja wanaochezea watoto. Kipindupindu kinaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache, au kikangoja hadi siku tano. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichokitafuta ndani ya begi ni dawa ya maji.

Dawa ipo. Karatasi moja ya vidonge ishirini, maelezo ya Kiingereza na Kichina, herufi ndogo kama chawa. Kila kidonge ni cha lita moja. Maana yake karatasi nzima inatosha ndoo moja ya lita 20 basi, na watu wa nyumba hii wanaimaliza ndoo hiyo kabla ya adhuhuri. Hilo la uchache ni dogo. Kubwa ni kwamba hapa kwetu kila mtu amezoea kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, vile vya miligramu 67 vinavyouzwa maduka ya dawa. Mpangaji wangu mmoja, kijana mwenye akili zake, nilimpa karatasi ile nikamwuliza angefanyaje. Akatoa kidonge kimoja, akainua kidole kuelekea ndoo. Angekuwa ametia dawa ya lita moja kwenye lita ishirini, kisha wangekunywa wote kwa amani kabisa.

Kwa mtu wa kupanda mlima, mwenye chupa yake kiunoni, vidonge hivi ni sawasawa. Sisi tunachota kwa ndoo. Ningependa vya ndoo, na pembeni kitambaa cheupe safi, kwa sababu maji ya tope lazima uyaache yatuame, uyachuje kwenye kitambaa kilichokunjwa, na yakiwa bado na ukungu utie dozi mara mbili. Kisha funika, ngoja nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo watu wanaiiba. Utamkuta mtu katia kidonge, kakoroga, na kikombe tayari kipo mdomoni.

Chumvichumvi za kuongezea maji mwilini, ORS, nazo zimo, na hapa ndipo nilipokasirika. Pakiti ni ndogo, za kuchanganya kwenye mililita 200, yaani glasi moja. Tanzania nzima, tangu kliniki ya mtoto wa kwanza, mama anafundishwa pakiti moja lita moja. Nimelifundisha hilo mwenyewe hadi sauti ikakauka. Sasa masika haya, usiku ambao maji yalifika uwani, mtoto wa chumba cha nne akaanza kuharisha. Mama yake akachukua pakiti kutoka kwenye begi na jagi la lita moja. Nilimdaka mkono. Angemnywesha mtoto maji yenye utamu wa mbali, chumvi imezidiwa na maji, na angeamini anamtibu. Na ukigeuza upande wa pili ni hatari zaidi: mtu akishazoea pakiti za glasi, siku akipewa ile ya lita moja ya zahanati akaitia yote kwenye glasi, chumvi hiyo kwa mtoto mchanga ni balaa.

Kwa faida ya msomaji: kama pakiti haipo kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji salama. Pima lita kwa chupa ya maji ya dukani, usikisie kwa jagi. Kinywaji hicho kikipita saa 24 mwaga, tengeneza kingine. Na mtoto anayeharisha apewe vidonge vya zinki siku kumi hadi kumi na nne, miligramu 20 kwa siku, 10 kama hajafikisha miezi sita. Zinki kwenye begi hili haimo. Mtoto wa chumba cha nne alipata ya kwake asubuhi, zahanati. Ila kama kinyesi kimekuwa kama maji ya mchele na macho yamezama, usikae nyumbani kuhesabu vidonge. Mbebe, huku njiani unaendelea kumnywesha.

Twende kwenye kipochi cha dawa, chenye msalaba mwekundu kifuani. Ndani: diklofenaki na ibuprofeni za maumivu, metronidazo ya kuua vimelea, na vidonge vya kufunga tumbo linaloharisha. Duka linalouza tochi na majaketi kuuza dawa hizi ni kosa kwa sheria zetu, hilo wataulizana na TMDA, mamlaka ya dawa. Mimi naongelea matumizi. Vidonge vya kufunga tumbo kwa mtoto ni mwiko, na kwa mtu mwenye kuhara damu pia. Metronidazo imekuwa peremende ya Dar. Kila tumbo likinguruma watu wanaimeza, ndiyo maana tunahubiri usugu wa vimelea na hakuna anayesikia. Diklofenaki ndiyo niliyoitupa kwa hasira zaidi. Mvua zikipungua, madimbwi yakabaki, mbu wa dengi anazaa kwenye kila tairi na kifuu. Mwaka 2019 dengi ilivyoutesa mji huu, wagonjwa waliokuja wakiwa wamemeza diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya viungo tulikuwa tunawaangalia kwa hofu, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinaongeza hatari ya kutoka damu. Homa baada ya mafuriko ni parasetamo, maji mengi, na kipimo. Parasetamo haikuwemo.

Bandeji, pamba, mkasi, plasta: vizuri, sina neno. Glovu jozi mbili, zinatosha kwa kuanzia. Sabuni hakuna. Nimelipindua begi lote, nimetikisa kila mfuko, sabuni hakuna. Wametia dira, wametia kisu chenye meno, wametia ndoano za kuvulia samaki, lakini mche wa sabuni wa shilingi elfu kadhaa umewashinda. Ningempa mtengenezaji kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono, achonge kwa mkono wake mwenyewe apate adabu.

Vitu vya umeme nitavipita haraka. Kuna redio yenye tochi na mkono wa kuzungusha. Redio inashika FM vizuri na ndiyo kitu nilichokitumia kuliko vyote. Tochi yake ni dhaifu na inataka mkono mmoja wakati mikono yote miwili imebeba mtoto na godoro. Ya kuvaa kichwani, ya elfu nane hapo Kariakoo, inaishinda. Filimbi ni nzuri sana. Mvua ikipiga bati, ukiita mtu hakusikii hata akiwa chumba cha pili, lakini filimbi inapenya. Blanketi la karatasi ya fedha watoto wamelikata wametengeneza mapambo. Sikuwakataza. Mtoto aliyelowa usiku wa manane kweli anatetemeka hata Dar, ila khanga kavu mbili zinamtosha na zinafuliwa. Biskuti za akiba ni ngumu na hazina ladha, paka alikataa.

Buti za mvua hazimo, na sizidai ndani ya begi kwa sababu hazikunjiki, ila nazitaja kwa sababu watu wanatembea pekupeku kwenye maji ya mafuriko kana kwamba ni ufukwe wa Coco. Kule Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 watu walianza kuugua homa na kutoka damu puani, nchi ikaingia hofu, na ilipopimwa ikawa homa ya mgunda. Ni ugonjwa wa mkojo wa panya na wanyama wengine, na njia yake moja kuu ni mguu wenye mchubuko ndani ya maji machafu. Panya wa Kigogo nao huhama wakati wa mafuriko, tena wanahamia kwangu.

Sasa kijitabu. Kina kurasa nyingi za rangi na picha nzuri. Kinaeleza namna ya kujikinga na theluji. Kinasema ukipata dharura piga 911. Nilimpigia kijana wa duka, kwa heshima tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii 911 nikiipiga hapa Kigogo atapokea nani?"

Akacheka, akasema, "Mama yangu, hicho kijitabu kinakuja nacho. Wewe piga tu namba zako za kawaida."

Namba zangu za kawaida hazimo, basi nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko. 199 ni ya Wizara ya Afya, bure, unauliza na pia unatoa taarifa ukiona watu watatu wa nyumba moja wanaharisha pamoja. 114 ni Zimamoto na Uokoaji. 112 polisi. 115 ni ya m-mama, usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi aliyejifungua na kichanga. Hii wapangaji wangu hawakuwa wakiijua, na mmoja wao tumbo limeshafika kifuani.

Ila lalamiko langu kubwa kuhusu kijitabu linazidi namba. Kurasa zote zile hakuna hata moja inayosema habari utaipata wapi kabla maji hayajafika. Desemba 2011 mvua iliyonyesha Dar ilikuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya arobaini walikufa, wengine wa bondeni wakapelekwa Mabwepande. Niliowauguza baada ya hapo walikuwa wanajua kuogelea, wengine walikuwa na ngazi. Walichokosa ni saa mbili za kujua mapema. Leo saa hizo zipo, hata siku zipo. TMA wanatoa tahadhari zao za siku tano kwa rangi, nasi nyumbani kwangu tumezigeuza kazi. Wakisema angalizo, njano, tunasafisha mtaro wa mbele na kujaza maji safi. Wakisema tahadhari, ile ya rangi ya machungwa, vitu vya sakafuni vinapanda juu ya vitanda, vyeti vya watoto, kadi za kliniki, za bima na vitambulisho vya NIDA vinaingia kwenye mfuko mwekundu, na mjamzito anakwenda kulala kwa dada yake Mabibo. Tahadhari kubwa, nyekundu, tunazima umeme kwenye swichi kuu na kuondoka wote mchana, tukiona tunapokanyaga. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, tulifanya hivyo na majirani wakatucheka. Sawa.

Taarifa nyingine zinapita kwa watu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wetu ni binti mdogo, anapita na daftari na viatu vya plastiki, na habari zake ni mpya kuliko za televisheni: kisima kipi kimefungwa, nani kapelekwa kambini, vidonge vinagawiwa wapi. Mjumbe ana filimbi yake. Msikiti una kipaza sauti, na imamu hakatai ukimwomba. Kundi la WhatsApp la mtaa nalo lina faida, mradi mtu asisambaze zile sauti zisizo na tarehe, "bwawa limepasuka, kimbieni", ambazo ukizifuatilia ni za mwaka juzi na za nchi nyingine. Ningelitengeneza mimi begi hili, kijitabu kingekuwa ukurasa mmoja wenye nafasi za kujaza: jina la mjumbe, namba ya mtendaji, zahanati iliyo upande wa juu wa mto, nyumba tutakayokimbilia. Zahanati ya upande wa pili haina maana daraja likishafunikwa.

Kitu kingine mtengenezaji hakukifikiria ni wagonjwa wa kila siku. Kwa uzoefu wangu dharura ya mafuriko inayonigongea mlango mara nyingi ni mzee aliyekimbia bila dawa zake za presha, au mwenye sukari ambaye insulini imebaki kwenye friji isiyo na umeme, au mtu wa CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, anayeona haya kusema kuwa dawa zake zimezolewa na maji. Sasa kila chumba kimenipa kopo lenye kifuniko cha kukaza, na ndani yake dawa za wiki moja na karatasi yenye jina la dawa. Makopo yanakaa kwenye begi. Sifungui la mtu.

Nimelipanga upya hivi. Nje: dira, kisu, ndoano, biskuti, kipochi chote cha dawa, na vidonge vya lita moja, hivi nimempa mjukuu wa jirani anayekwenda kambi ya skauti. Ndani: redio, filimbi, bandeji na glovu vimebaki, nikaongeza vidonge vya ndoo, pakiti za ORS za lita moja, zinki, parasetamo ya maji na ya vidonge, miche ya sabuni, tochi ya kichwani, khanga mbili, pedi, chaja ya akiba iliyojaa, kiberiti ndani ya chupa, karanga na tende. Dawa nimenunua duka la dawa muhimu la mtaani, kwa risiti. Nje ya begi, ukutani, ndoo mbili za koki zenye mifuniko, elfu kumi na nane kila moja. Ndoo za koki nazipa nyota tano zisizo na mjadala, kwa sababu hakuna anayetumbukiza kopo wala mkono ndani. Maji yanatoka chini, safi kama yalivyoingia. Pamoja na ndoo zote mbili nyongeza hizi hazikufika laki moja, na nusu yake wapangaji walichanga.

Jambo moja la usalama ambalo begi lolote litakalouzwa Dar lingeandika kwa herufi kubwa: mvua ikizidi watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Gesi yake inayoua haina harufu. Nimeshapokea familia iliyolala hivyo, na si wote walioamka.

Nyota zangu kwa begi kama lilivyouzwa ni mbili kati ya tano: moja ya mfuko, moja ya redio na filimbi kwa pamoja. Kama unaishi peke yako Mbezi ghorofani na unapenda kwenda Udzungwa mwisho wa mwezi, linunue, utalifurahia. Kama unaishi nyumba ya wapangaji bondeni, nunua mfuko wowote usiopitisha maji, hata wa mchele uliofungwa ndani ya nailoni, na hela iliyobaki peleka kwenye ndoo, vidonge na sabuni. Muuzaji ameniambia mzigo ujao utakuja na kijitabu kipya. Nimempa namba zote nne na ukurasa mmoja nilioandika kwa mkono, bure, nikamwambia awatumie huko wanakovichapa. Akisharekebisha, na vidonge vikawa vya ndoo, nitarudi kuongeza nyota.